Mtu wa Tatu Kutoka Kushoto

Kule makumbusho hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwa wote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, yeye ni Bi Kadi, na jina hilo hakulipata bure: miaka thelathini na miwili ameketi katika chumba cha picha akiandika kadi. Kila picha ina namba nyuma, imeandikwa kwa penseli laini ili isichubue karatasi, na kila namba ina kadi yake kwenye droo: ilipigwa wapi, lini, na nani, na hawa wanaoonekana ni akina nani. Picha ni elfu sitini na kitu. Mtajie namba yoyote atakuambia iko kabati gani, na ukimkuta ameamka vizuri atakuambia na nani kati ya waliomo alifumba macho.

Chumba chenyewe si cha mtu mwoga. Kina dirisha moja dogo lililopakwa rangi nyeupe ili jua lisile picha, na kabati za chuma ambazo hualika kwa mlio mkavu, zenyewe, mchana kweupe bila kuguswa. Wafagizi hawapendi kuingia humo peke yao. Wanasema unainama na ufagio wako, ukiinuka unahisi umeinukia mbele ya watu. Bi Kadi huwacheka. "Hawa wangu hawana neno," huwaambia. "Wa kuogopwa ni wale wa ofisi ya utumishi."

Kila asubuhi huvaa glavu zake za pamba, husema "Hamjambo humu," halafu hungoja kidogo kabla ya kuvuta kiti. Ujanani aliufanya mchezo huo kwa utani tu. Siku hizi hungoja kwa sababu anaogopa kujibiwa, na anamjua atakayejibu.

Basi Jumanne moja akaja mtathmini. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu zake, raba nyeupe miguuni, kompyuta begani na bunda la madodoso mkononi. Aliwakusanya wafanyakazi kwenye ukumbi mdogo, chini ya mifupa ya nyangumi, akawaeleza alichotumwa. Amekuja kupima jambo moja: je, watu wa makumbusho wako tayari kuipokea akili bandia? Ingekuwepo mashine ya kuzitazama picha zote, kuzitambua nyuso, kuzilinganisha na kuandika kadi yenyewe, wao wangeipokea kwa moyo gani? Wajibu kwa namba. Moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa.

Mlinzi wa lango akanyoosha mkono. "Ikishajua kutambua nyuso, mimi mtaniweka wapi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Bwana Gundi, fundi wa kuunga nyaraka zilizochanika, alijaza maswali yote arobaini kwa tatu, tatu, tatu, mpaka mwisho. "Nisionekane mpinzani, nisionekane kimbelembele," alimnong'oneza Bi Kadi. Mhasibu aliuliza kama majibu yataonekana na mkurugenzi, na mkurugenzi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akajibu kuwa hayataonekana.

Bi Kadi alijaza taratibu, kwa mwandiko wake wa kadi. Swali la kumi na tisa lilisema: "Nina imani kwamba kumbukumbu za taasisi yetu ni sahihi." Akaandika tano. Mkono haukutetemeka hata kidogo, maana ulikuwa umeshazoea.

Baada ya hapo mtathmini akasema kutafanyika jaribio dogo. Masanduku manne ya picha yatapitishwa kwenye skana, mashine ilishwe picha hizo na kadi zake, kisha wiki ijayo wote waje waone imejifunza nini. Akafuatana na Bi Kadi chumbani kuyachagua. Alipita mbele ya rafu akigusagusa kwa kidole kama mtu anayechagua nyanya. "Hili la Ujenzi wa Daraja. Hili la Shule. Hili la Hospitali." Akasita. "Na hili, Mifugo na Masoko. Tuione kama itachanganya mbuzi na watu."

Bi Kadi akasogea mbele ya rafu. Akasema, "Hilo lina vumbi sana, mwanangu."

"Vumbi halina shida, mama. Tutalifuta."

Hapa inabidi turudi nyuma, maana mtu atashangaa bibi mzima kutokwa jasho kwa sanduku la picha za mbuzi.

Mwaka wa pili wa kazi yake alikuja mwanamke wa rika lake, amebeba pacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Alimtafuta baba yake. Baba huyo aliondoka nyumbani mkewe akiwa na mimba, akaenda kwenye kibarua cha kujenga daraja kubwa, na hakurudi tena. Haikubaki hata picha moja. Mama Pacha, ndivyo Bi Kadi alivyomwita tangu siku hiyo, hakuwahi kuiona sura ya mzazi wake. Alikuwa na maneno ya mama yake tu: mrefu, kofia huivaa upande, akisimama huutia mkono wa kushoto mfukoni.

Sanduku la daraja lina picha mia moja na kumi na mbili. Walikaa nazo siku nane, pacha wakilia kwa zamu, Bi Kadi akimbembeleza mmoja huku akigeuza picha kwa mkono wa pili. Siku ya tisa Mama Pacha alikuja macho mekundu, akasema hiyo ndiyo mara ya mwisho, hana tena nauli wala nguvu. Bi Kadi akamhurumia. Mezani palikuwa na picha ya vibarua kumi na wanne waliosimama mbele ya nguzo, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa mrefu, kofia upande. Mkono wake wa kushoto haukuonekana. "Dada," akasema Bi Kadi, "hebu mtazame huyu."

Angeuliza tu yasingekuwa makubwa. Lakini aliuliza kwa sauti ya mtu anayelijua jibu. Mama Pacha alitazama mpaka machozi yakadondokea meza, akasema ndiye. Sasa sheria ya chumba kile, aliyoiacha mkurugenzi wa kwanza, ni kwamba uso haupewi jina mpaka wapatikane mashahidi wawili wanaomjua mtu. La sivyo huandikwa "hajulikani". Shahidi wa kwanza alikuwa binti asiyewahi kumwona baba yake. Mahali pa wa pili alitia sahihi Bi Kadi mwenyewe.

Tangu hapo kila mwaka, tarehe ile ile, Mama Pacha huja. Hupewa kiti, hupewa picha, naye humsimulia baba yake habari za mwaka mzima: nani kaolewa, nani kafaulu, nani kazikwa. Nyumbani ana nakala ukutani, ndani ya fremu. Mmoja wa wale pacha alipoanza kuvaa kofia upande, ukoo mzima ulicheka na kulia, wakasema babu amerudi. Bi Kadi naye alifurahi. Ungemuuliza wakati huo ni kazi gani bora aliyowahi kuifanya duniani, angekutajia ile kadi.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Kisha mjane wa mpiga picha mmoja akaleta sanduku la viatu lililojaa picha za marehemu mumewe. Humo Bi Kadi akawakuta tena vibarua wale wale, siku ile ile, mbele ya nguzo ile ile, ila hii ilipigwa kwa karibu zaidi. Akaipindua. Nyuma, kwa penseli, mpiga picha alikuwa ameorodhesha majina yote kumi na manne, kutoka kushoto kwenda kulia. Jina la tatu halikuwa la baba wa Mama Pacha. Wala la nne, wala la kumi na nne. Baba wa Mama Pacha hakuwemo kabisa.

Alikaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa na kufanya utando. Angeweza kuisahihisha kadi siku hiyo. Badala yake aliipa picha ile namba mpya, akaiandikia "Watu kando ya soko, hawajulikani", akaitia ndani ya sanduku la Mifugo na Masoko, katikati ya mbuzi. Katika stoo yenye picha elfu sitini, picha iliyowekwa pasipo pake haijapotea tu, imezikwa. Na aliyeizika alijua fika anachofanya, kwa hiyo tusimtetee.

Hadi hapo dhambi ilikuwa imemdhuru mtu mmoja tu. Baada ya miaka miwili ikapata wa pili. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka limesimama, aliingia chumbani akauliza kwa heshima kama kuna picha ya kaka yake aliyekwenda kwenye kazi ya daraja. Akataja jina. Lilikuwa lile la tatu. Na siku hiyo ilikuwa ile tarehe. Mama Pacha alikuwa kwenye meza ya dirishani, picha mapajani, anamweleza baba yake habari za mtihani wa watoto. Hatua sita hazikufika kati ya yule mwanamume na uso wa kaka yake. Bi Kadi alivuta droo ya kadi, akaipekua kwa muda ule ule ambao angeipekua kama angekuwa anatafuta kweli, akasema, "Hayumo, baba. Pole sana."

Mwanamume akashukuru. Akaandika jina na mtaa wake kwenye daftari la wageni, akaondoka zake.

Tangu siku ile, miaka kumi na saba, lile jina halikumwacha Bi Kadi. Jengo zima hakuna mwingine aliyelijua, nalo likawa linatafuta mlango wa kutokea. Lilimtoka dukani, akamwita muuza mkate kwa jina hilo, na mtu wa watu akageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Lilimtoka siku mjukuu wake alipoanguka barazani. Mara moja alilijaza kwenye fomu ya umeme, mahali pa jina la mteja, akaichana fomu vipande vipande mbele ya foleni. Akiwa chumbani mwake na kabati zikialika, alijua ni chuma kinachopoa, na bado alijikuta akigeuka kutazama lile sanduku. Hakuwahi kuona kitu. Angeona kitu angepumua. Kilichomtesa ni kwamba palikuwa pametulia, kama mtu aliyeitwa kwenye foleni kwa jina la mwingine na akaamua kungoja.

Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa akimtania. "Jana umemtaja tena yule bwana usingizini. Mwambie aje atoe mahari." Bi Kadi hucheka, kisha huenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa unaelewa kwa nini asubuhi ya kukabidhi masanduku alifika mapema kuliko wote. Alifungua Mifugo na Masoko, akaitoa ile picha, akaishika. Mkoba wake ulikuwa wazi pale kitini. Ingetoshea vizuri. Alisimama hivyo mpaka akasikia viatu vya mafundi wa skana vikija ukumbini, na akafanya jambo ambalo mwenyewe hakulitegemea: akairudisha. Alikuwa amechoka. Alijisemea, mashine hii husoma nyuso, basi iwaweke wale wawili pamoja, inifichue, iishe. Akaiachia kazi iliyomshinda yeye kwa miaka kumi na tisa.

Wiki ilimwendea roho mkononi. Alipanga hadi nguo ya kuvaa siku ya kuaibika.

Siku ikafika. Wakakaa tena chini ya nyangumi, mtathmini akawasha projekta ya kuonyeshea picha. Akaonyesha wauguzi, akaonyesha wanafunzi, watu wakatoa miguno ya kupendezwa. Kisha ikaja picha ya daraja, na duara jekundu likazunguka kichwa cha mtu wa tatu kutoka kushoto. Pembeni ikatokea ile picha ya karibu, yenye duara lake. Halafu nyingine, na nyingine. Mashine ilikuwa imemkuta mtu yule mara sita: amebeba chuma, amekaa anakula, amesimama mgongo nusu nyuma ya gari, mahali ambapo Bi Kadi mwenyewe kwa miaka yote hakuwahi kumwona.

Na chini ya kila uso, mara sita, iliandikwa jina la baba wa Mama Pacha. Uhakika: asilimia tisini na sita.

"Hebu tazameni hii," mtathmini akasema, sauti imejaa furaha. "Hii ilikuwa kwenye sanduku la mifugo. Mtu aliiweka huko kwa bahati mbaya, kadi inasema hawajulikani. Mashine imeitoa huko ikairudisha kwa wenziwe. Na jina imelipata kwenye kadi ya mama yetu hapa, ambayo ina mashahidi wawili. Kadi kama hizi ndizo mashine inazoziamini kuliko zote."

Mkurugenzi akapiga makofi. Wote wakapiga. Bwana Gundi akamgusa bega Bi Kadi, akasema, "Umetufunika, mama."

Skana ilikuwa imepiga uso wa picha tu. Nyuma hakuna aliyepafikiria, maana fomu ya jaribio haikuwa na nafasi ya nyuma. Mtu mmoja tu katika ukumbi ule alijua kwamba penseli ya mpiga picha bado iko pale, imelala kifudifudi sandukuni, inasema kweli. Bi Kadi alitazama mikono yake. Ilikuwa inapiga makofi pamoja na ya wengine.

Alifika nyumbani akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kuvua viatu. Mumewe akamletea maji. "Kulikoni? Yule bwana kakuacha?"

"Nimemnyang'anya jina," akasema Bi Kadi. Na hapo akamwaga yote, tangu pacha mgongoni hadi asilimia tisini na sita. Mumewe hakutania tena. Alisikiliza akiwa ameshika bilauri, akauliza swali moja tu.

"Ulitaka mashine ikuambie nini ambacho hukijui?"

Bi Kadi alilia kwa hasira, hasira ya mtu aliyeulizwa swali la haki.

Asubuhi yake alimkuta mtathmini kwenye chumba cha mikutano anahesabu madodoso. Akaweka picha mezani mbele yake. "Ipindue."

"Samahani, mama?"

"Ipindue, mwanangu. Soma la tatu."

Mtathmini akasoma. Akatazama skrini yake, akasoma tena, na ile furaha ya jana ikamtoka usoni polepole. "Lakini hii kadi... Mbona sahihi ya pili ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimfahamu huyu mtu?"

"Sikumfahamu. Nilimhurumia mtu mwingine." Akaomba arudishiwe dodoso lake, akakata tano ya swali la kumi na tisa, akaandika moja. Mtathmini alibaki na kalamu hewani. Alisema, kana kwamba anajisemea, kwamba maswali yote arobaini yanauliza kama watu wataiamini mashine, na hakuna hata moja linalouliza mashine imwamini nani. Kisha akafuta lile jina mahali sita, moja baada ya jingine, Bi Kadi akisimama nyuma yake mpaka la mwisho likafutika. Mkurugenzi alipopewa habari alifunga mlango wa ofisi, akamkumbusha kwamba kustaafu kwake kumebaki miaka miwili na kwamba mambo kama haya yanaweza kusahihishwa kimyakimya. "Kimyakimya ndiko nilikotoka," Bi Kadi akamjibu, akaenda kupiga simu.

Mama Pacha alikuja mchana ule ule. Alidhani kuna picha nyingine imepatikana. Alikuwa amevaa vizuri. Bi Kadi akampa kiti, akamwekea picha mezani, akamweleza akiwa amesimama, hakupunguza wala hakuremba. Alipomaliza, kabati moja ilialika, na wote wawili wakashtuka.

"Ulijua lini?" akauliza Mama Pacha.

"Miaka kumi na tisa iliyopita."

"Nimekuja hapa mara kumi na tisa." Alisema pole pole, kama anayewafundisha watoto kuhesabu. "Unanipokea. Unaniuliza pacha hawajambo. Unanipa kiti hiki hiki." Hakumwita dada. Akaigeuza picha uso chini, akaiwekea kiganja juu. Bi Kadi alitamani atukanwe. Angevumilia matusi kuliko kile kiganja.

"Huyu ana watu wake?"

"Alikuwa na mdogo wake. Alikuja hapa miaka kumi na saba iliyopita. Siku hiyo na wewe ulikuwepo, pale dirishani. Nikamwambia hayumo."

Mama Pacha akafumba macho. "Yule aliyeandika daftarini? Mwenye shati jeupe?"

"Huyo."

"Aliponipita alinisalimia." Akainuka, akachukua mkoba wake. "Lete hilo daftari. Twende."

Walipitia kwanza nyumbani kwa Mama Pacha. Bi Kadi alingoja nje. Kupitia mlangoni aliona ukuta, na Mama Pacha anapanda juu ya kiti kuitoa fremu msumarini. Mahali ilipokuwa pakabaki mraba wa rangi safi. Mmoja wa pacha, sasa mwanamume mwenye ndevu, alimuuliza mama yake anaipeleka wapi, akajibiwa, "Kwao."

Mtaa ulioandikwa daftarini ulikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nyumba waliipata kwa kuuliza mara mbili. Wakapiga hodi, na sauti ya kizee ikawaambia ingieni, mlango haufungwi. Ndani alikuwa yule yule mwenye shati lililopigwa pasi, ila sasa ndani ya shati mtu alikuwa amepungua. Alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya dirisha, fimbo kati ya magoti. Wakamwamkia, akaitikia.

Bi Kadi alikuwa amejiandalia maneno njiani. Yalipotea yote. Alilitaja jina tu, lile la tatu, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu aliyelihitaji, na mzee akainua kichwa. Mama Pacha akampa fremu. Mzee aliisogeza kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya kioo bila kuelekezwa ni yupi, wa tatu kutoka kushoto.

"Kumbe alifika," akasema.

"Alifika, baba," akajibu Bi Kadi. "Alikuwemo tangu siku ile ulipokuja. Mimi ndiye niliyekuambia hayumo. Nilijua kwamba yumo."

Mzee hakumtazama. Alikuwa bado na kidole kwenye kioo. "Mama alikuwa hai," akasema. "Nilirudi siku ile nikamwambia, hata serikali imeandika vitabuni kila aliyekwenda darajani, na huyu hayumo. Basi hakwenda. Alitudanganya, akatukimbia, ana mke wake mahali. Mama akakataza jina lake lisitajwe humu ndani. Hakuna mtoto aliyepewa. Kuna kaburi la baba, kuna la mama, na ukoo wote ukiomba dua unataja kila mtu, yeye tunamruka." Akaondoa kidole kwenye kioo. "Mimi ndiye niliyepeleka maneno hayo. Niliyatoa kwako nikayapeleka."

Nje kiwanda kilikuwa kinapiga king'ora cha kubadilishana zamu, na watu walipita dirishani wakicheka, na mzee alingoja mpaka wakaisha. Kisha akamgeukia Mama Pacha, aliyekuwa amesimama na mikono mitupu, ameiacha wazi vile vile ilivyokuwa imebeba fremu.

"Na wewe, mama? Wewe ni nani wake?"

"Nilikuwa binti yake," akasema Mama Pacha. "Miaka thelathini. Sikujua kwamba ni wenu. Habari zangu zote nilimpa yeye."

Mzee alimtazama kwa muda. Akaitazama picha, akamtazama tena, akawa kama anayetafuta kitu kwenye uso wake asikipate, kisha akaona si neno. Akasogea kwenye benchi, polepole, kwa kujisukuma na fimbo, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Basi kaa hapa, mwanangu," akasema. "Ulimwambia nini? Nisimulie tangu mwanzo."

Mama Pacha akakaa. Bi Kadi alibaki amesimama mlangoni na daftari lake kifuani. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala hakuna aliyemwambia akae.